Keki ya Moraa na Kikombe cha Mfuto

Marani, Kisii
Mwezi wa Agosti

Mdogo wangu mpendwa Damari,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nalisalimu goti lako la kushoto, maana katika barua yako lilichukua ukurasa mzima na si adabu kulipita kimya. Je, bado linatabiri mvua? Na paa la jikoni limekwisha kuezekwa, au mngali mnapika chini ya mwavuli? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inanivalisha sweta mbili mpaka jua lichomoze vizuri, lakini macho yanasoma, meno yaliyobaki yanatafuna, na kuku wangu hutaga nikishawakatia tamaa.

Umeniuliza tena kwa nini sirudi Rabai, sasa kwa kuwa Yeremia wangu amezikwa hapa nyuma ya nyumba. Kila mwaka unaniuliza, na kila mwaka nakujibu habari za migomba. Mwaka huu pia nitakujibu habari za migomba, ila safari hii zimeingia kwenye keki, na keki yenyewe nusura imharibie msichana jina.

Msichana huyo ni Moraa, kifungua mimba wa jirani yangu Kerubo. Kerubo nimekwisha kukutajia. Ndiye aliyesimama mlangoni kwangu nilipofika huku nikiwa mke wa karani wa posta, sijui neno hata moja la Ekegusii, akanipigia kelele na kikapu mkononi mpaka nikaelewa kwamba hatukani, ananipa viazi. Kiswahili chake na Ekegusii changu vyote vinachechemea, lakini vimetembea pamoja miaka mingi. Moraa nilimpakata siku aliyozaliwa. Ananiita Nyanya, na mimi simkatazi.

Basi Moraa ni mwalimu sasa, amepata mchumba, mwalimu mwenzake aitwaye Ombati, kijana mpole wa upande wa Nyamira, na harusi ikapangwa Jumapili. Hawa ni watu wa Sabato, Damari. Jua likitua Ijumaa kazi zote zimekwisha, na hapandishi mtu sufuria motoni mpaka jua litue tena Jumamosi. Kwa hiyo cha harusi ya Jumapili kinachohitaji kupikwa kwa utulivu sharti kiwe kimeiva Ijumaa.

Yote yangekwenda vizuri kama asingekuja Shangazi Bosibori. Huyu ni dada wa baba yake Ombati, mwanamke mrefu, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrishia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Alikuja kutazama matayarisho. Akanywa chai yetu, akala viazi vyetu, akajifuta midomo, ndipo akasema:

"Mwaka juzi tulioa msichana wa upande huu huu. Keki yake tulikata na shoka. Mpaka leo tunamwita Mama Jiwe."

Kerubo akacheka kwa heshima. Shangazi hakucheka.

"Ana watoto watatu sasa," akaendelea. "Wote ni watoto wa Jiwe."

Lazima nikueleze jambo hili, maana kwetu pwani jina la utani huchakaa kama kanga. Huku halichakai. Kuna mzee hapa Marani aliyetumbukia kwenye josho la ng'ombe akiwa kijana, kabla hajaoa. Sasa ana mvi, na ukitaka kwenda kwa mtoto wake wa mwisho unaulizia nyumba ya kina Josho. Mjukuu wake amebatizwa majuzi, na nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Haya, na huyu naye ameingia majini."

Shangazi alipoondoka, Moraa alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda changu na kuanza kuvuta uzi wa sweta yake.

"Nyanya, nitafundisha shule ya huko kwao. Keki ikikataa, watoto watanichorea jiwe ubaoni kabla sijaingia darasani. Na hawatafuta. Watoto wa huko ni wa Shangazi yule yule."

"Keki haikatai," nikamwambia. "Hukataa mpimaji."

Mwokaji wa mjini alikuwa amekwisha kuchukuliwa na harusi nyingine. Lakini ndizi zilikuwepo, na ndizi za huku, Damari, si za kununua mbili mbili. Kila nyumba ya mtaa ilileta chane yake ya ndizi mbivu kumshangilia bibi harusi, na ukumbi wa Kerubo ukanukia kama duka la manukato. Nami naijua ile keki ya ndizi tuliyofundishwa misheni tulipokuwa wasichana, ile uliyokuwa ukiiba pembe zake na kusingizia panya. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha siagi, mayai matatu, kikombe kimoja na nusu cha ndizi zilizopondwa, vijiko viwili vidogo vya beking pauda. Hakuna siri ndani yake. Kuna kipimo tu.

Jumatano tukafanya jaribio jikoni kwa Kerubo. Tulikuwa watatu: mimi juu ya kiti nikiamuru, Kerubo mwenyewe, na Nyaboke, mke wa shemeji yake, ambaye huongea huku mikono ikifanya kazi ya watu wawili. Nikasema, "Unga, kikombe kimoja." Kerubo akachota. Kikombe kilitoka kwenye mfuko wa unga kikiwa na kilima juu yake, kilima kirefu kuliko kikombe, unga ukiporomoka pande zote kama mlima baada ya mvua. Nikachukua kisu, nikapitisha mgongo wake juu ya ukingo, kilima kikarudi mfukoni.

Nyaboke akasimamisha mikono.

"Mong'ina," akasema Nyaboke. Hilo ndilo jina la heshima la mwanamke mzee huku, lakini siku hiyo halikuwa na heshima nyingi. "Unapunguza?"

"Ninasawazisha."

"Ya wageni?"

"Ya keki."

"Na keki itakuliwa na nani? Si wageni?"

Wakatazamana. Kerubo akanishika bega kwa upole, kama mtu anavyomshika mgonjwa, akasema, "Haya, Mong'ina, wewe paka siagi kwa sufuria. Hii ya kupima tuachie." Nikageuka kupaka siagi. Nilikuwa nimeinama tu, na nyuma yangu nikasikia mfuko wa unga ukifunguliwa tena.

Hakuna haja nikueleze ilivyotoka. Ilitoka bila kuinuka hata kidogo, ikapasuka katikati, na ilipoangushwa kwenye sinia, sinia ililia. Kijiko cha beking pauda nacho walikuwa wamekiwekea kilima chake, kwa hiyo ilikuwa ngumu na chungu pia. Nyaboke akamtupia jogoo kipande. Jogoo alidonoa mara moja, akainua kichwa akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake kwa jirani.

"Jiwe," akasema Moraa kutoka mlangoni, na akaondoka akilia.

Nilikaa nao nikawaeleza. Nikasema: tazameni, unga unakubali kilima, sukari inakubali kilima, lakini ndizi iliyopondwa haikubali, siagi mliyoyeyusha haikubali. Mkiongeza kwenye vile vinavyopanda na hamwongezi kwenye vile visivyopanda, vikavu vinakuwa vingi, vyororo vinakuwa vichache, nanyi mnajenga nyumba. Walinisikiliza vizuri sana. Kerubo akaitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akasema:

"Hiyo yote ni kweli. Lakini mimi nikimpimia mgeni bapa, nitamwangalia na macho gani?"

Nawe Damari unaweza kucheka, lakini nenda sokoni hapa uone. Muuza maharagwe anajaza kopo lake mpaka kilima, kisha anaongeza ngumi moja juu ya kilima, na inayomwagika pembeni anaisukuma nayo upande wako. Anayekata juu kwa kiganja hauzi tena soko hilo. Kipimo bapa ni cha mtu unayemdai, au cha mtu ambaye hutaki arudi. Kwetu mama alikuwa na majina mawili, kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake wala hakikumwonea mwenzake haya. Namkumbuka akipitisha kiganja juu ya kibaba cha mchele kwa mwendo ule mmoja, kama anayempapasa mtoto kichwani. Huku mfuto haupo. Kuna tele, na kuna matusi.

Alhamisi asubuhi nikafunga mlango wangu nikaoka mwenyewe, kwa mfuto, sufuria ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Damari, ikainuka. Ikawa ya rangi ya asali, laini, ukiibonyeza inarudi. Nikaibeba mwenyewe mpaka kwa Kerubo, nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Kerubo akakata, akala. Akafumba macho.

"Ni tamu," akasema.

"Basi tumepata."

"Ni tamu sana. Lakini haiwezi enda harusi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtoto wa Nyaboke alikuchungulia kwa dirisha. Amesema umekata unga na kisu. Amesema mpaka kwa kisima. Na kwa kisima kulikuwa na mwanamke wa kwao Shangazi aliyeolewa hapa." Akala kipande kingine kwa huzuni kubwa. "Itafika Nyamira kabla ya jioni. Watasema tumewapimia bapa kama wadeni. Moraa hataitwa Jiwe. Ataitwa Bapa."

Ndipo nikaelewa ukubwa wa msiba. Keki ya tele ingemfanya Jiwe, keki ya mfuto ingemfanya Bapa, na harusi ilikuwa Jumapili. Moraa mwenyewe alikuwa amekaa pale, amekula nusu ya keki iliyokataliwa bila kujua anakula.

"Nyanya," akasema, mdomo umejaa, "mwambie Ombati tuhamie Tanganyika." Msomi mzima, na huu ni mwaka wa tisa tangu tupate uhuru, na Watanganyika wenyewe wamekwisha kubadilisha jina la nchi yao.

Nilikwenda nyumbani nikasoma gazeti la juma lililopita bila kuelewa neno. Sikuwa nafikiria unga tena. Nilikuwa nafikiria kile kilima. Kosa langu halikuwa kukiondoa kikombeni. Kosa langu lilikuwa kukirudisha mfukoni, maana mfuko ni wetu. Nilimwonyesha mgeni kitu chake, kisha nikakichukua mbele ya macho yake. Nani asingekasirika?

Ijumaa asubuhi nikafika kwa Kerubo na ekee, kile kikapu kizuri cha kusukwa wanachowekea ugali wa wageni. Nikakitandika kitambaa cheupe, nikakiweka mezani kando ya mfuko wa unga.

"Pima," nikamwambia Kerubo. "Pima tele, upendavyo."

Akanitazama kwa mashaka, akachota, kilima juu. Nikapitisha kisu, na kilima kikaanguka ndani ya ekee.

"Hiki kilichobaki kikombeni ni cha keki," nikasema. "Na hiki ni cha mama yake Ombati. Kitabebwa Jumapili pamoja na keki, na ataambiwa ni kilele cha kipimo chake."

Kerubo akatazama kikombe. Akatazama ekee. Nyaboke ndiye aliyepiga kigelegele kwanza.

Taabu iliyofuata ni kuwazuia. Maana walipoelewa kwamba kilima ni zawadi ya mama mkwe, vilima vikawa milima. Nyaboke akaanza kugonga kikombe mezani ili unga ushuke, uingie zaidi.

"Usigonge!" nikamwambia. "Ukigonga unaingia mwingine chini, tunarudi kwenye jiwe."

"Lakini sokoni tunagonga."

"Sokoni unanunua. Hapa unatoa."

"Aa," akasema, akakiweka kikombe chini polepole kama yai.

Sukari nayo ikawa na kilima chake na kitambaa chake. Hata kijiko cha beking pauda kikasawazishwa, na kilele chake, kiasi cha kufunika ukucha, kikafungwa kwenye karatasi kwa heshima zote. Ilipofika zamu ya ndizi, tulichukua kutoka kila chane ili nyumba yoyote isisikitike, tukaziponda pamoja, na Nyaboke akajaribu kuziwekea kilima nazo. Zikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Akajaribu tena. Zikamtiririka tena.

"Mong'ina, hii ndizi imekataa kupanda."

"Basi imejipima yenyewe. Mimina."

Tulioka katika sufuria tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ili zipandane. Mbili ndogo ziliiva mapema. Ile kubwa ndiyo iliyotutesa, maana makaa yalikuwa ya mti laini na yalizimika mara kwa mara, na jua halikutusubiri. Mzee Nyang'au, baba yake Moraa, ambaye ni mzee wa kanisa, akatoka na kiti chake, akakaa uani akilitazama jua likiteremka.

"Mama Moraa," akaita. "Jua."

"Naona."

Akasogeza kiti. "Mama Moraa. Bado naona jua, lakini kidogo."

"Keki pia inakuona!" akajibu Kerubo kutoka jikoni.

Nikainua mfuniko kidogo, nikachoma kwa njiti ya ufagio. Ikatoka na unga mbichi. Moraa akaiona njiti ile akaketi chini pale pale sakafuni. Sufuria ndogo mbili bila ile kubwa ya chini ni keki ya watoto, na kila mtu alijua.

Nikatoka nikamwuliza Mzee kwa adabu: makaa yakiwa yamekwisha kuwekwa, na hakuna anayeyachochea, je, yakiendelea kuwaka baada ya jua kutua, ni kazi? Mzee Nyang'au akaweka kidole shavuni.

"Amri inasema usifanye kazi wewe," akasema, "wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mnyama wako, wala mgeni." Akanitazama. "Mgeni ni wewe."

"Nimekwisha keti, Mzee."

"Makaa hayakutajwa," akasema. "Leteni vitabu vya nyimbo."

Tukaifungua Sabato mle mle jikoni, tumezunguka sufuria, tumeinamisha vichwa, na harufu ya ndizi na siagi ikapanda pamoja na wimbo. Mzee Nyang'au husifika hata Nyanchwa, kwenye misheni yao kubwa, kwa sala zake ndefu. Watu hubadilisha miguu mara kadhaa. Siku hiyo aliwaombea wagonjwa wote kwa pamoja, akaiombea serikali kwa neno moja, akasema amina. Kerubo akaiepua sufuria kabla mwangwi haujaisha. Nikachoma njiti. Ikatoka kavu.

Hatukuigusa tena mpaka Jumapili asubuhi, tulipoipandisha na kuipaka sukari nyeupe iliyopigwa na ute wa yai. Tulikwenda nayo kwa gari la kukodi mpaka Nyamira, Nyaboke amekumbatia sinia la keki kwa hofu, Kerubo ana ekee mapajani. Ekee ndiyo iliyoingia uani kwanza. Kerubo akapiga magoti mbele ya mama yake Ombati, mwanamke mdogo asiyesema sana, akamwambia:

"Tulipima yenu mpaka ikamwagika. Hii ndiyo ilimwagika."

Yule mama akatia mkono kwenye unga, akauacha upite katikati ya vidole vyake. Kisha akainuka, akapiga kigelegele ambacho sikudhani kinaweza kutoka katika mwili mdogo vile, na wanawake wa Nyamira wote wakaitikia.

Keki ikakatwa. Nilimtazama Moraa, na Ombati alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Kisu kikazama chenyewe, kimya, kama kinavyozama kwenye parachichi lililoiva. Watu wakala. Shangazi Bosibori akapewa kipande cha kwanza kwa ukubwa wake, akatafuna taratibu huku kila mtu akijifanya anatazama kwingine. Akameza. Akanyoosha sahani apewe kingine. Baadaye nikamwona akichukua cha tatu kwa ajili ya mtoto, na cha nne kwa ajili ya mtoto, na mtoto sikumwona.

Ikaja saa ya nasaha. Shangazi akasimama kumfundisha bibi harusi juu ya kiasi. Mwanamke mwema, akasema, hana tamaa ya chakula. Hapo akapiga mguu chini. Tukadhani ni msisitizo. Mwanamke mwema hula baada ya wengine. Akapiga mguu wa pili. Mwanamke mwema hafichi. Akaruka. Siafu, Damari! Msururu mweusi ulikuwa umevuka ua wote, umepita chini ya meza ya wazee, umepanda juu ya mkoba wake uliokuwa miguuni pake, umeingia kwenye zipu, na waliokosa nafasi humo walikuwa wanampanda yeye. Kijana mmoja akaukamata mkoba akaukung'uta ili amsaidie. Vikaanguka miwani, kitambaa, kitabu cha nyimbo, na vipande vya keki vilivyofungwa vizuri kwa karatasi.

Hakuna aliyecheka. Ni watu wenye adabu. Mama yake Ombati aliviokota, akavipuliza siafu kimoja kimoja, akamrudishia.

Tangu siku hiyo, kwa habari zinazonifikia sokoni, Nyamira nzima kuna Shangazi Siafu, na shamba lake ni shamba la Siafu, na ng'ombe wake ni ng'ombe wa Siafu. Moraa amekwisha kuanza kufundisha. Nilimwuliza mwenye gari aliyetoka huko juzi wanamwitaje, akashangaa kwa nini nauliza. Anaitwa Moraa.

Nisalimie mumeo, kiongozi wa kwaya, na umwambie besi zake nazikosa. Nisalimie kaka yetu seremala, nimesikia meza yake mpya inayumba. Aweke kipande cha karatasi asibishane. Nisalimie binti yako mkunga na mumewe mvuvi, na mama mkwe wako ambaye hanipendi. Goti lako nalo nilisalimie, ingawa limeniudhi kidogo. Wajukuu wote wabusiwe bila kupunguza.

Mungu awaweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Mimi dada yako akupendaye,
Naomi, wa Marani